Kuomba Msamaha wa Ada si Kuomba Sadaka

Mazungumzo baada ya habari



Kila mwaka, kuanzia mwezi Agosti hadi mwanzoni mwa Januari, kuna kazi ifanyikayo kimya kimya katika nyumba nyingi za mji wa Kigali. Vijana waliomaliza mwaka wa sita wa sekondari, au wanaokaribia kuumaliza, hujaza fomu za kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya ng'ambo, hasa vya Marekani. Tarehe 1 Agosti ndiyo siku ambayo fomu ya pamoja ya vyuo vya Marekani, iitwayo Common Application, hufunguliwa kwa msimu mpya. Na vyuo vingi hufunga mlango wa maombi katika siku za kwanza za Januari. Katika miezi hiyo mitano mwanafunzi hukusanya ripoti za shule, hutafuta walimu wa kumwandikia barua, na huandika insha juu ya maisha yake. Mwisho wa yote hayo hukuta mstari mmoja mfupi unaomtaka alipe fedha, kwa dola, kabla fomu yake haijapokelewa.

Wapo wanaoishia hapo. Hawaishii hapo kwa kushindwa mtihani, wala kwa uvivu. Huishia hapo kwa kukosa ada ya kuombea tu, ambayo si ada ya kusomea. Na miongoni mwa vijana hao wamo watoto wa askari. Ndiyo maana inafaa jambo hili lizungumzwe mbele ya wanajeshi na askari polisi: wao ni wazazi kama wazazi wengine, na tena ni wazazi waliofundwa na kazi yao kuvumilia na kutolalamika. Uvumilivu huo ni sifa njema vitani na katika zamu ya usiku. Lakini mbele ya fomu ya chuo, uvumilivu wa kunyamaza unaweza kumfungia mtoto mlango ambao kwa hakika ulikuwa haujafungwa.

Kwanza na itazamwe hesabu yenyewe, kwa maana hesabu haina upendeleo. Vyuo vingi vya Marekani vinavyotoza ada ya maombi hutoza kati ya dola 50 na dola 90 kwa kila fomu. Tuchukue dola 75. Katika mwaka 2025 dola moja ilikaribia au kuzidi faranga 1,400 za Rwanda. Kwa hiyo dola 75 ni takriban faranga 105,000. Mwaka 2022 serikali iliwaongezea walimu wa shule za msingi mshahara kwa asilimia 88, na mshahara wa mwalimu mwenye cheti cha A2 ukafikia karibu faranga 108,000 kwa mwezi. Hii ni kusema kwamba ada ya fomu moja inakaribia kumaliza mshahara wa mwezi mzima wa mwalimu, na huo ni mshahara uliokwisha kuongezwa. Na kwa kuwa hakuna mwenye hakika ya kupokewa, vijana hushauriwa kuomba vyuo kadhaa. Vyuo vinane kwa dola 75 ni dola 600, yaani faranga 840,000. Mwalimu huyo angelazimika kufanya kazi karibu miezi minane, bila kula na bila kulipa kodi ya nyumba, ili mtoto wake abishe hodi katika milango minane.

Hapo hazijahesabiwa gharama nyingine: mtihani wa lugha ya Kiingereza, mtihani wa SAT kwa vyuo vinavyoudai, na kutuma matokeo ya mitihani hiyo kutoka mahali hadi mahali.

Swali la kwanza ambalo mtu mwenye akili huuliza ni hili: kwa nini chuo kitoze fedha kwa kubishiwa hodi tu? Vyuo vyenyewe hujibu kwamba kusoma fomu moja ni kazi ya watu kadhaa, na watu hao hulipwa mishahara. Husema pia kwamba bila ada, watu wangeomba bila mpango, na makarani wangezama katika makaratasi. Sababu hizo zina uzito wake. Lakini vyuo hivyo hivyo vinafahamu kwamba ada ya namna moja haiwagusi watu wote kwa namna moja. Kwa mtoto wa tajiri ni bei ya chakula cha jioni. Kwa mtoto wa mkulima wa Nyaruguru au wa koplo aishiye Kanombe ni ng'ambo isiyovukika. Kwa hiyo, tangu zamani, pamoja na ada hiyo umewekwa utaratibu wa kuwasamehe wasio na uwezo. Msamaha huo haukuletwa na huruma ya mtu mmoja siku moja. Ni sehemu ya utaratibu, kama lango la pembeni katika ukuta wa kambi: lipo, lina mlinzi wake, na lina kanuni zake za kupitia.

Kanuni hizo si ngumu kuzielewa. Fomu ya Common Application ilianzishwa mwaka 1975 na vyuo 15, na leo hutumiwa na vyuo zaidi ya 1,000. Ndani yake mna swali linalomwuliza mwanafunzi kama anastahili kusamehewa ada. Akijibu ndiyo, huonyeshwa orodha ya sababu na kutakiwa achague iliyo yake. Sababu kadhaa ni za Wamarekani peke yao, kama vile kupata chakula cha bure shuleni kwa mpango wa serikali yao. Lakini nyingine zinamhusu mtoto wa popote. Mojawapo ni kuwa yatima. Nyingine ni kwamba mwanafunzi anaweza kuleta maelezo ya mtu mwenye dhamana, kama vile mkuu wa shule, mshauri wa masomo au kiongozi wa jamii, yenye kuthibitisha kwamba familia yake haina uwezo. Mwanafunzi hutia sahihi yake, na shule huulizwa ithibitishe. Basi.

Hata hivyo inafaa ijulikane mapema kwamba vyuo havilingani. Vipo visivyotoza ada kabisa. Vipo vinavyopokea msamaha huo kwa mwanafunzi wa nchi yoyote bila swali la pili. Vipo vinavyomtaka mwanafunzi wa nchi ya nje aandike barua pepe kwa ofisi ya udahili na kueleza hali yake, ndipo apewe namba ya siri ya kuweka mahali pa malipo. Na vipo vinavyosema wazi kwamba msamaha ni wa raia wao tu. Msamaha wa ada ya mtihani wa SAT, kwa mfano, haukuwekwa kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni waishio nje ya Marekani. Uingereza nako, kuanzia waombaji wa kuingia chuoni mwaka 2025, wanafunzi waliopata chakula cha bure shuleni wameondolewa ada ya kuombea vyuo. Lakini hiyo ni faida ya watoto wa shule za huko. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwanafunzi wa Kigali si kulalamika wala kukata tamaa. Ni kusoma kanuni ya kila chuo, kimoja kimoja, kama vile askari asomavyo amri ya kazi kabla ya kutoka kambini.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, na kwamba sisi huku hatuna mazoea ya kumpima mtu kwa umaskini wake. La hasha. Katika nchi za Afrika Mashariki ni chache zilizowahi kujadili jambo hilo kwa kina na kwa uchungu kama Rwanda.

Kabla ya mwaka 1994 mlango wa sekondari na wa chuo kikuu haukufunguliwa kwa alama za mtihani peke yake. Nafasi ziligawanywa kwa kabila na kwa mkoa, na mtoto mwenye akili aliweza kubaki nje kwa sababu ya jina la kabila lililoandikwa katika kitambulisho cha baba yake. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mgawo huo ulifutwa. Mwaka 1998 uliundwa mfuko wa kuwasaidia manusura, uliojulikana kwa jina la FARG, na kazi yake kubwa ikawa kuwalipia karo watoto ambao mauaji yale hayakuwaachia mzazi wala mali. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa. Mwaka 2009 elimu bila karo ikafikishwa miaka tisa, na mwaka 2012 ikafikishwa miaka kumi na miwili. Katika hatua zote hizo taifa lilikuwa likisema neno moja: kwamba umaskini wa mzazi usiwe hukumu ya mtoto.

Lakini kusema neno hilo ni rahisi kuliko kulitimiza, maana mara tu unaposema kwamba maskini asaidiwe, huna budi kumtambua maskini ni nani. Na hapo ndipo penye mtihani. Mwaka 2001 ulianzishwa mpango wa Ubudehe, ambao jina lake linatokana na desturi ya kale ya wanakijiji kulimiana mashamba. Wananchi walikutana katika umudugudu wao na kupangana wenyewe katika madaraja sita, tangu umutindi nyakujya, asiye na kitu kabisa, hadi umukire, yaani tajiri. Mpango huo ulisifiwa hata nje ya nchi, na mwaka 2008 Umoja wa Mataifa uliupa tuzo ya utumishi wa umma.

Ndipo mwaka 2013 madaraja hayo yakatumiwa kuamua nani agharimiwe masomo katika vyuo vikuu vya serikali. Wa madaraja mawili ya chini wagharimiwe yote, wa daraja la tatu na la nne walipiwe nusu, na wa madaraja mawili ya juu wajilipie. Malalamiko yakawa mengi. Walijitokeza wanafunzi waliodai kwamba wamewekwa katika daraja lisilo lao, kwa sababu walipopangwa kijijini hakuna aliyejua kwamba siku moja neno lile lingeamua masomo yao. Familia yenye nyumba ya bati na ng'ombe mmoja ilionekana kijijini kuwa inajiweza. Lakini ng'ombe mmoja halipi ada ya chuo kikuu miaka minne. Serikali ililazimika kuyapitia upya madaraja hayo. Mwaka 2015 yakapunguzwa kuwa manne, na ilipofika mwaka 2023 utaratibu wa madaraja ukaachwa, pakaletwa daftari la kielektroniki liitwalo Imibereho, ambalo taarifa zake zinaweza kubadilishwa hali ya familia inapobadilika.

Mafunzo ya habari hiyo ni mawili, na yote mawili yanamhusu askari anayemsaidia mtoto wake kuomba msamaha wa ada. La kwanza ni kwamba uwezo wa mtu hupimwa kwa kulinganishwa na gharama iliyo mbele yake. Mtu anaweza kuwa si maskini kwa kipimo cha umudugudu wake, akawa maskini kabisa kwa kipimo cha dola. Sajini mwenye mshahara wa kila mwezi, bima ya matibabu na akiba yake katika benki ya Zigama CSS, ambayo askari wamekuwa wakiweka fedha zao tangu mwaka 1997, hawezi kujiita fukara mbele ya jirani yake mkulima. Lakini akiambiwa atoe faranga 840,000 ili mtoto abishe hodi, bila ahadi ya kufunguliwa, ana haki ya kusema kweli kwamba hana. Mkopo wa Zigama ni wa kujengea nyumba, kununulia ng'ombe, au kumsomesha mtoto aliyekwisha pata nafasi. Kukopa ili kulipia maombi manane yasiyo na hakika ni kuuza ng'ombe ili ununue kamba.

Funzo la pili ni kwamba taarifa ya umaskini ikiwa si ya kweli, huwaumiza maskini wa kweli. Hata katika mfuko wa manusura iligundulika kwamba wapo waliojiandikisha kwa uongo, na kila faranga waliyoila ilikuwa ya yatima fulani. Hilo tutalirudia.

Tuzungumzie kwanza kikwazo kilicho kikubwa kuliko dola, nacho ni aibu. Nchini Rwanda kuna neno linalopendwa na kuheshimiwa, neno agaciro, lenye maana ya utu na heshima ya mtu. Mwaka 2012 wananchi walichangia mfuko wa taifa uliopewa jina hilo, na wanajeshi na polisi walikuwamo miongoni mwa waliochangia. Mtu aliyelelewa katika fikra hiyo huona vigumu kuandika maneno haya: sina uwezo, naomba nisamehewe. Kwa askari ni vigumu zaidi. Yeye amezoea kuwa ndiye anayeombwa msaada: mafuriko yakija ndiye huitwa, daraja likivunjika ndiye huitwa. Leo mtoto anamletea karatasi ya kutia sahihi inayosema kwamba mzazi wake hamudu dola 75. Wapo wazazi ambao husukuma karatasi hiyo pembeni na kusema, "Tutaona." Na wote nyumbani wanajua kwamba neno hilo maana yake ni hapana.

Mzazi wa namna hiyo hastahili kulaumiwa, anastahili kuelezwa. Kuomba sadaka ni kutaka kitu ambacho mwenye nacho hakuwajibika kukitoa. Kuomba msamaha wa ada ni kutumia kanuni ambayo chuo chenyewe kimeiweka, kikaitangaza, na kikaitengea mahali ndani ya fomu. Chuo hakipotezi heshima kwa kutoa, wala mwombaji hapotezi heshima kwa kupokea. Kinachotakiwa ni kwamba mtu aeleze hali yake kama ilivyo. Agaciro haikai katika kuficha mfuko mtupu. Hukaa katika kusema kweli juu ya mfuko huo bila kujidhalilisha na bila kujikweza. Wahenga walikwisha sema kwamba mficha uchi hazai. Mwenye kuficha haja yake mbele ya aliyeweka dawa ya haja hiyo, huondoka na haja yake.

Zaidi ya hayo, kuna vyuo ambavyo vingependa kuwapata wanafunzi wa namna hiyo hasa. Chuo cha Berea, katika jimbo la Kentucky, kilichoanzishwa mwaka 1855, hakijawatoza wanafunzi wake ada ya masomo tangu mwaka 1892. Badala yake kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni. Katika chuo kama hicho, kueleza kwamba familia haina uwezo si doa katika fomu. Ni mojawapo ya sifa zinazotazamwa.

Sasa, ombi lenyewe liandikwe vipi? Hapa askari hahitaji kufundishwa sana, kwa sababu kazi yake imemfundisha kuandika taarifa. Taarifa njema ya zamu ni fupi. Inaeleza nani, nini, lini na kwa nini. Haina kilio wala majigambo. Mkuu akiisoma anajua la kufanya. Ombi la kusamehewa ada ni taarifa ya namna hiyo hiyo, na maneno yake yanaweza kuwa kama haya:

"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa sita katika shule ya sekondari mjini Kigali, na ninaomba nafasi katika chuo chenu kwa mwaka ujao. Baba yangu ni askari wa cheo cha chini, na mama yangu ni mkulima. Tupo watoto watano, na wanne kati yetu wanasoma. Ada yenu ya maombi ni sehemu kubwa ya kipato cha nyumba yetu kwa mwezi, na wazazi wangu hawawezi kuilipa bila kupunguza chakula au karo ya wadogo zangu. Kwa heshima naomba nisamehewe ada hiyo. Naambatisha barua ya mkuu wa shule yangu yenye kuthibitisha haya."

Maneno hayo hayafiki hata nusu ukurasa, nayo yanatosha. Karani wa udahili husoma barua nyingi kwa siku, na barua ndefu yenye kusimulia misiba yote ya ukoo humchosha bila kumwongezea ujuzi. Misiba hiyo, kama mwanafunzi anataka kuieleza, ina mahali pake katika insha. Katika ombi la ada, namba moja ya kweli ina nguvu kuliko vivumishi kumi.

Yapo mambo machache ambayo familia ya askari inapaswa kuyaangalia kwa namna ya pekee. Kwanza, barua iseme kwamba mzazi ni askari, itaje na kipato chake ikiombwa, lakini isitaje kikosi chake, mahali alipo wala safari anayotumwa. Chuo hakihitaji habari hizo, na si za kutumwa katika barua pepe. Pili, tangu mwaka 2004, askari wa Rwanda walipokwenda Darfur kulinda amani, familia nyingi zimezoea baba au mama kuwa mbali kwa miezi mingi. Ikiwa mzazi anatarajia kuondoka, karatasi za mtoto zitayarishwe kabla hajapanda ndege: hati ya mshahara, nakala ya kitambulisho, na ruhusa kwa mzazi aliyebaki kushughulikia mambo hayo. Fomu haimsubiri mtu arudi likizo. Tatu, barua za uthibitisho kutoka shuleni au kutoka ofisi ya umurenge ziombwe mwezi Septemba au Oktoba, si tarehe 30 Desemba wakati ofisi zimefungwa na mkuu wa shule amekwenda kwao kijijini.

La nne ni hili: barua hizo huandikwa kwa Kiingereza, na wapo wazazi ambao lugha yao ni Kinyarwanda, na Kiswahili walichokipata kambini. Mtoto amfasirie mzazi kila sentensi kabla ya sahihi. Mzazi asitie sahihi jambo asilolielewa, hata kama anayemletea ni mwanawe anayempenda. Sahihi ni ushahidi, na askari polisi anajua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba ushahidi humfuata mwenyewe.

Na hapa turudi kwenye ukweli. Wapo wanaoweza kulipa lakini wanaona ujanja kuomba msamaha. Kipimo cha fomu za Marekani kimewekwa kwa maisha ya Marekani, na kwa kipimo hicho hata Mnyarwanda mwenye gari na nyumba ya kupangisha anaweza kuonekana maskini. Kwa hiyo fomu peke yake haitamzuia. Atakayemzuia ni dhamiri yake, na mkuu wa shule anayeombwa kuthibitisha. Mkuu wa shule anayetia sahihi kwa kila ajaye, bila kuuliza, anaiharibu sahihi yake. Siku chuo kitakapogundua kwamba barua za shule hiyo hazina ukweli, atakayeumia si yule mwenye gari aliyekwisha safiri, bali ni mtoto wa mkulima atakayeomba mwaka unaofuata na barua yake isiaminike.

Wengine huenda mbali zaidi. Hughushi hati ya mshahara, au hununua muhuri wa ofisi isiyowajua. Hilo si ujanja, ni uhalifu. Sheria Na. 68/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inamwadhibu mwenye kughushi hati kwa kifungo cha kati ya miaka 5 na 7. Na hao wanaouza maneno, wanaokaa na simu zao wakiwaambia vijana kwamba kwa faranga kadhaa watawapatia msamaha wa ada na nafasi ya chuo kwa pamoja, askari polisi wawatazame kwa makini. Msamaha wa ada hauuzwi. Huombwa bure, na hutolewa bure, na chuo chenyewe. Anayetaka fedha ili akuombee usilipe fedha, ni dhahiri kwamba amekwisha kukudanganya.

Pamoja na hayo yote, haitakuwa haki kumwacha msikilizaji na matumaini yasiyo na mipaka. Msamaha wa ada hufungua ukurasa wa kwanza tu. Haumwongezei mwanafunzi alama, haumlipii nauli, wala haumpi chumba cha kulala. Baada yake kuna mashindano makali ya kupokewa, na kwa wanafunzi wa nchi za nje wasio na fedha mashindano hayo ni makali mara mbili. Wengi watakaosamehewa ada hawatapata nafasi. Kwa sababu hiyo kijana mwenye busara haweki mayai yote katika kapu la ng'ambo. Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha taasisi saba za serikali, kipo, na mikopo ya wanafunzi ipo. Chuo cha Kijeshi cha Gako nacho kinatoa shahada pamoja na mafunzo ya uafisa, na mtoto wa askari anakijua kuliko wengine. Hakuna fedheha katika njia yoyote kati ya hizo.

Lakini kukosa nafasi baada ya kupimwa ni jambo moja, na kutopimwa kabisa ni jambo jingine. Aliyepimwa akakosa ameshindana na wenziwe, naye anaweza kujaribu tena. Aliyeacha fomu mezani kwa sababu ya dola 75 hakushindana na mtu yeyote. Ada imemtoa kabla ya mchezo kuanza. Na nchi ambayo iliwahi kuwaona watoto wake wakifungiwa milango kwa mambo wasiyoyachagua ina kila sababu ya kutokubali mlango mwingine ufungwe hivyo hivyo, kimya kimya, kwa bei.

Kwa hiyo yapo mambo ya kufanywa, na hayahitaji bajeti. Afisa mwenye elimu ya chuo anaweza kutenga saa moja ya jioni, mara moja kwa wiki, kuwasomea watoto wa askari walio chini yake kanuni za vyuo. Mkuu wa shule anaweza kuweka siku maalumu katika mwezi wa Oktoba ya kuandika barua za uthibitisho, baada ya kuuliza na kuhakikisha. Kiongozi wa umurenge anaweza kuandika hali ya familia kama ilivyo leo, si kama ilivyokuwa miaka mitano iliyopita. Mwanafunzi anaweza kuanza mapema na kusema kweli. Na mzazi, awe mwanajeshi au askari polisi, atakapoletewa karatasi inayosema kwamba hamudu ada ya maombi, na aisome yote, aulize maswali yake, na ikiwa kila neno ndani yake ni kweli, aitie sahihi kwa mkono usiotetemeka.